Chuma Kilichokatika Chester

Jioni ya tarehe 24 Mei 1847, treni ya abiria ilikuwa inavuka mto Dee mjini Chester, Uingereza, boriti ya daraja ikakatika. Mabehewa yakaporomoka mtoni, watu watano wakafa. Siku hiyohiyo mafundi walikuwa wamemwaga kokoto juu ya daraja ili mbao zake zisishike moto. Kumbe hiyo kinga ndiyo ilikuwa inaongeza mzigo.

Aliyelichora daraja, Robert Stephenson, hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa kati ya wahandisi wakubwa wa reli enzi hizo. Lakini boriti zake zilikuwa za chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kama uji kwenye bakuli. Kinayeyuka karibu na nyuzi 1,200, kwa hivyo ni rahisi na bei yake haiumi. Ndani yake kuna kaboni, asilimia 2 hadi 4, na kwa kile cha kijivu nyingi yake imekaa kama vipande vyembamba vya grafati. Ukikikandamiza, kinavumilia ajabu. Ukikivuta, kila kipande cha grafati ni ufa uliokuwa unangoja siku yake. Sasa boriti ikibeba mzigo, juu inakandamizwa, chini inavutwa. Chuma hiki hakipindi kwanza ndio ushtuke ukimbie. Kinakatika tu, pap!

Titaniamu ilikuwa tayari inajulikana. William Gregor, kasisi wa Cornwall, aliigundua kwenye mchanga mweusi mwaka 1791. Mbona basi Stephenson hakuitumia? Hakuna aliyejua kuitoa kwa wingi. Si madini adimu hata kidogo, ila ikipata moto inang'ang'ania oksijeni na nitrojeni, kisha inakuwa ya kuvunjika ovyo. Dunia ilingoja hadi 1940, William Kroll wa Luxembourg alipopata hataza Marekani ya kuitoa kwa magnesi, hewa ikiwa imefungiwa nje.

Leo aloi yake maarufu, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, inastahimili mvuto zaidi ya mara mbili ya chuma cha kijivu, na uzito wake ni kama asilimia 60 tu ya uzito wa chuma hicho. Ndiyo maana iko kwenye ndege na kwenye nyonga za bandia.

Lakini usikimbilie kuzika chuma cha kusubu. Ile grafati iliyoua watu Chester ndiyo inayomeza mtetemo, na mpaka leo mashine za kukereza vyuma zinakalia vitako vya chuma hicho. Titaniamu ingefanya kazi hiyo vibaya, tena kwa bei ya kichaa.

Na sisi? Mchanga wa Kwale wenye titaniamu ulichimbwa zaidi ya miaka kumi, mgodi ukafungwa Desemba 2024. Uliondoka Mombasa kwa meli ukiwa bado mchanga. Duniani, sehemu kubwa ya madini hayo haifiki kwenye ndege yoyote. Inageuzwa kuwa unga mweupe wa rangi, kama zile za ukuta.