Alama za Njia Ndani ya Zoloto

Aliyewaonyesha madaktari namna ya kulitazama zoloto la mtu aliye hai alikuwa mwalimu wa kuimba. Mwaka 1854, jijini Paris, Manuel García aliingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kooni mwake, akakielekezea mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufungika. Miaka michache baadaye Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak wa Pest walikigeuza kioo hicho kuwa chombo cha kitabibu. Czermak aliliacha jua, akatumia taa.

Lakini kuona si kukata. Koo lisilotiwa ganzi hukataa chombo: mgonjwa hukohoa na kujikunyata kinapomgusa. Kokeini ilipoanza kutumiwa kama ganzi mwaka 1884, taabu hiyo ilipungua sana. Mwaka 1895 Alfred Kirstein wa Berlin alilitazama zoloto moja kwa moja, bila kioo. Gustav Killian naye akabuni namna ya kukining'iniza chombo cha kutazamia ili mikono yote miwili ya mpasuaji ibaki huru, na katika miaka ya 1960 Oskar Kleinsasser akaimarisha upasuaji wa kutumia hadubini.

Sasa kila kitu kilionekana. Kilichobaki ni kujua mahali pa kukoma. Hapo ndipo utafiti wa Minoru Hirano wa Japani, katika miaka ya 1970, ulipofaa kuliko chombo chochote. Alieleza kwamba uzi wa sauti una tabaka la juu, laini, linalotikisika juu ya kiini kigumu. Chini ya ngozi yake nyembamba kuna nafasi iitwayo ya Reinke, yenye tishu tepetepe, na chini ya hiyo kuna kano ya sauti. Kinundu kisicho saratani hutolewa bila kuigusa kano. Ikichanwa, kovu huigandisha ngozi juu yake, mtikisiko hufa na sauti hukwaruza.

Mbele, nyuzi zinapokutana, pande zote mbili hazichubuliwi kwa pamoja: vidonda vinavyotazamana huungana kwa utando.

Madaktari Strong na Jako walipoeleza mwaka 1972 matumizi ya leza iliyounganishwa na hadubini, wapasuaji walianza kufika mbali zaidi, hadi kwenye saratani za juu ya nyuzi. Huko alama muhimu ni mkunjo wa pembeni kati ya kidakatonge na koromeo, zinapopita ateri ya juu ya zoloto na neva ya hisia. Ateri hiyo hubanwa kwa klipu kabla ya kukatwa, kwani damu yake humwagikia njia ya hewa.