Nyanya Aliuliza Kama Yalichemka

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi Voi na laputopu yenye kioo kilichopasuka na ile sufuria ya stima ya kupika polepole, niliyouziwa bei ya kutupa na jirani wa hosteli. Usiku wa kwanza nikamwaga maharagwe mekundu na maji humo, nikaweka moto wa chini, nikalala. Asubuhi nikala. Kufikia saa sita nilikuwa chooni, na sikutoka mapema.

Nyanya, aliyekuwa ameteremka kutoka Wundanyi, aliuliza swali moja tu: "Kwani yalichemka?"

Hayakuchemka. Yalipata joto.

Maharagwe mekundu yana sumu ya asili, na dawa yake ni kuyatokosa kabisa kwa angalau dakika 10. Joto la nyuzi 80 hivi haliimalizi. Linaweza hata kuizidisha. Na sufuria kama yangu, kwa moto wa chini, huenda isifike kiwango cha kuchemka.

Cha kushangaza ni kwamba chombo hiki kilizaliwa kutokana na mapishi ya akina nyanya. Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alikuwa amesimuliwa na mama yake jinsi familia za Kiyahudi kule Lithuania zilivyopeleka vyungu vya maharagwe na nyama kwa mwoka mikate Ijumaa, kabla ya Sabato. Vililala tanurini hadi kesho yake. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon, na 1971 ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Akina mama Wamarekani waliokuwa wakienda kazini wakakipenda sana.

Lakini tazama tofauti. Tanuri la mwoka mikate lilianza na moto mkali, kisha likapoa polepole. Mashine inaanza baridi na kupanda kwa uvivu. Naxon alichukua muda, akageuza moto.

Kule milimani Taita, kimanga hakigeuzwi hivyo. Maharagwe yanatokota kwanza juu ya mafiga matatu, kuni zimejaa. Yakishachachamaa ndipo kuni zinavutwa nje, makaa yanamalizia, halafu mambo ya kuponda yafuate. Kikapu cha kupikia kinafuata njia hiyo hiyo: unachemsha, unafunika, unazungushia mablanketi, joto linajishikilia lenyewe. Ulaya walifanya vivyo hivyo kwa masanduku ya nyasi kavu wakati wa vita, kuni na makaa yalipoadimika.

Hapa kwetu kuni si hadithi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda. Kasigau, si mbali na Voi, kuna mradi ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2011 ili miti isigeuzwe makaa wala shamba. Sawa, lakini maharagwe bado yanataka saa zake, na mtu wa hapa ndiye anayelipa: kwa mgongo, kwa moshi machoni, au kwa tokeni za stima zinazoisha Jumapili usiku.

Siku hizi nachemsha kwenye jiko la makaa dakika 20 hivi, kisha sufuria inaingia kikapuni hadi jioni. Ile ya stima Nyanya ameichukua. Analowekea maharagwe.