Madini ya Katanga, hesabu ya Hiroshima

Malori ya shaba ya Likasi na Kolwezi, kule Katanga nchini Kongo, huvuka mpaka wa Tunduma, yakapita Mlowo, Uyole na Mafinga, ndipo yashuke Kitonga kuelekea bandarini. Karibu na Likasi hiyo hiyo, mahali paitwapo Shinkolobwe, ndiko ilikochimbwa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Na Hiroshima na Nagasaki ndiko wanasayansi wanakochota hesabu ya kukadiria watakaokufa kwa saratani kila kinu cha nyuklia kinapolipuka.

Kuanzia 1950, wataalamu wa Japani na Marekani walifuatilia watu wapatao 120,000 wa miji hiyo. Manusura waliulizwa: ulikuwa wapi bomu lilipolipuka? Umesimama au umeketi? Nyuma ya ukuta gani? Kwa majibu hayo dozi za wengi wao zikakadiriwa. Wajapani huandikisha vifo kwa makini, kwa hiyo hakuna aliyepotea kirahisi. Hadi 2003, kati ya manusura 86,611 waliokadiriwa dozi, waliokufa kwa saratani, ukiacha za damu, walikuwa 10,929. Vilivyozidi kiwango cha kawaida, vikahusishwa na mionzi, ni vifo kama 527. Ni vya nani hasa, daktari hawezi kusema. Saratani ya mionzi na ile ya kawaida hazitofautiani kitandani pa mgonjwa.

Ndiyo maana kinu cha Chernobyl, kilicholipuka 26 Aprili 1986, kina makadirio mengi ya vifo yanayotofautiana. Jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa lilitaja 4,000 mwaka 2005, likihesabu watu kama 600,000 waliopata dozi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata, watafiti waliojumlisha Ulaya nzima walifika 16,000 ifikapo 2065. Greenpeace ikasema 93,000. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mpaka: unamhesabu nani, na je, dozi ndogo mno ikizidishwa kwa mamilioni ya watu inaua kweli? Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa ilikataa kabisa kutoa idadi kwa waliopata dozi ndogo. Naiona ndiyo iliyokuwa na msimamo wa kiungwana zaidi.

Saratani ya tezi ya shingo baada ya Chernobyl haikuhitaji ubishi. Kwa watoto ni nadra, kwa hiyo walipougua maelfu baada ya kunywa maziwa yenye iodini ya mionzi, kila mtu aliona.

Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakufuatiliwa kama manusura wa Japani. Mgodi ulifungwa 1960. Wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti, na 2004 kifusi kikaua baadhi yao.

Sasa urani iko pia Mkuju, Namtumbo, jirani zetu wa Ruvuma. Kijana wa Makete au Mbozi akiajiriwa huko, saratani, ikiwa ipo, inaweza kujitokeza miaka 30 baadaye, akiwa amesharudi kijijini. Mzee akifia nyumbani, jamaa husema alisumbuliwa na tumbo, akazikwa. Kwa kifo cha namna hiyo hakuna hesabu itakayosaidia, kama jina lake, kijiji chake na dozi yake havikuandikwa tangu siku ya kwanza ya kazi.