Aliye Juu na Aliye Chini

Sisi wakimbizi tunajua: mtawala akibadilika, na maneno hubadilika. Waingereza yaliwakuta mwaka 1066, William wa Normandy alipowashinda. Neno lao "king" walikuwa nalo tayari, na lina undugu na neno la ukoo: mfalme alikuwa mtu wa ukoo. Baadaye, kupitia Kifaransa cha washindi, yakaingia "sovereign", yaani aliye juu, na "subject", aliyewekwa chini.

Na sisi je? Neno letu raia, huko Uarabuni lilikotoka, lilikuwa kundi linalochungwa. Sasa nauliza, ndugu zangu: mchungaji akilifukuza kundi lake mwenyewe, huyo bado tumwite mchungaji? Mimi mpaka niliuvuka na ukoo wangu tu.