Kwa Nini Sista Ameenda Semina?

Leo najibu lalamiko ambalo nalisikia kila mara pale ufuoni: "Tulikuja kliniki na mtoto ana homa, tukaambiwa sista ameenda semina. Mtu aliyehitimu anasomea nini tena?"

Ni swali la haki. Na kweli, sista akienda semina, mwenzake abaki kazini. Kufunga mlango si sawa. Lakini sikilizeni historia hii.

Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watoto wagonjwa walikuwa wakingoja laini, hata aliyezidiwa. Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake wakapanga huduma upya na kuwafundisha wahudumu kumkagua kila mtoto mara anapoingia. Je, anapumua vizuri? Mikono yake ni baridi? Ana degedege? Mwenye dalili hizo hapangi laini. Hapo awali, kati ya watoto 100 waliolazwa, walikuwa wakifa 10 hadi 18. Baadaye wakawa 6 hadi 8. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha mafunzo ya namna hiyo mwaka 2005, na hapa Kenya Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa KEMRI wakayapanua yakawa kozi ya siku tano hivi, yenye kijitabu cha mwongozo. Kwa hiyo mama, ukiona mtoto aliyekuja nyuma yako anapitishwa mbele, usidhani ni kujuana.

Sasa tuje kwenye dripu. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, aliyelegea na mikono baridi, atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Kuanzia 2009 hadi 2011, watafiti wakiongozwa na Daktari Kathryn Maitland wa Kilifi walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, ugonjwa tunaoujua sana huku ziwani. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji mengi haraka, 10 au 11 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wale waliopewa kidogo kidogo, walikufa 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, na mwaka 2016 WHO ikabadilisha mwongozo.

Mfikirie muuguzi aliyetoka chuoni 2008 na hajasoma tena. Kwa moyo mwema kabisa, angemtia mtoto wako maji kama alivyofundishwa.

Ukiwa wodini, iwe ni kituo kidogo au kule "Russia", na dripu inadondoka polepole, usiguse kile kigurudumu ili iende mbio. Muulize sista, kukueleza ni kazi yake.

Utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoharisha. Anayeharisha anapoteza maji: mpe ORS kikombe kwa kikombe, endelea kumnyonyesha, na kama anatapika kila kitu au amelegea, mlete kituoni mara moja, hata kama ni usiku.