Kumsimika Mkuu wa Chuo Kikuu: Sherehe za 1963 na 1970

Katika lugha yetu mfalme hutawazwa, bali mlingoti na nguzo husimikwa. Mkuu wa chuo kikuu, kwa kuwa hana taji wala raia, yafaa asimikwe. Na asimikaye nguzo hana budi kuchagua kwanza ardhi ya kuisimika. Katika makala haya mafupi twakusudia kuonyesha kwamba waandalizi wa sherehe kama hiyo, wachaguapo siku, mahali na mtu, huwa wamekwisha kuamua pia chuo ni cha nani.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa Nairobi tarehe 28 Juni 1963. Julius Nyerere, Rais wa Tanganyika, alisimikwa kuwa Mkuu wake wa kwanza. Makamu wake alikuwa Bernard de Bunsen, aliyewahi kukiongoza Chuo cha Makerere. Iwe kwa kusudi au kwa sadfa, kila nchi ilipata fungu lake: Tanganyika kiti, Kenya uwanja, Uganda mtendaji. Tena siku 23 tu kabla ya hapo, Nyerere, Kenyatta na Obote walikuwa wametangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Sherehe ile, basi, ilikuwa kama kusimika nguzo ya nyumba ambayo misingi yake haijachimbwa.

Nyumba haikujengwa. Hata hivyo nguzo ilisimama miaka saba, na vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikatoa shahada za chuo kikuu kimoja badala ya zile za London. Mwaka 1970 vikatengana. Dar es Salaam ikamsimika Nyerere, Makerere ikamsimika Obote, na tarehe 10 Desemba Nairobi ikamsimika Kenyatta. Nguzo moja ya uwanja wa pamoja iling'olewa, zikasimikwa tatu, kila moja katika ua wa Ikulu.

Matokeo yake hayakukawia. Obote alipopinduliwa Januari 1971, kiti cha Mkuu wa Makerere kilifuatana na kile cha serikali hadi kwa Idi Amin. Wanachuo hawakuulizwa, kwa maana mpango wenyewe ulikwisha kujibu kwa niaba yao. Hapa Kenya, Rais wa nchi aliendelea kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi mwaka 2003, Joe Wanjui alipokabidhiwa kiti hicho.

Na lugha je? Tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka ule ule wa 1963. Mkuu wa kwanza, basi, alikuwa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba hotuba za watawala na malumbano ya wanaowapinga. Lugha iliyoweza kumzika Kaisari haishindwi kumwapisha msomi. Leo, tangu Katiba ya mwaka 2010 ikifanye Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hata udhuru wa sheria haupo.

Kwa hiyo, wenzetu waketio katika kamati za sherehe wasianze na majoho, mahema na orodha ya wageni. Na waulize kwanza: ni nani atakayemkabidhi Mkuu hati ya chuo, kwa niaba ya nani, na kwa lugha ipi? Hayo yakijibiwa vyema, mengine ni mapambo.