Ua Lionyeshalo Mukuba

Ukitembea katika nchi ya Manika, upande wa Kolwezi, utaona vilima vya ajabu. Chini miti ya miombo imesongamana. Juu hakuna mti, ila nyasi na maua madogo, kama kichwa chenye upara. Je, watu wamekata miti? Hasha. Udongo wa pale umejaa shaba, ambayo watu wa Katanga huiita mukuba, na shaba ikizidi ni sumu kwa mizizi.

Ua moja la huko ni la jamaa ya mrihani. Wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Kwa desturi huitwa ua la shaba. Wengine hudhani kwamba hula shaba. Sivyo, laweza kuota hata pasipo shaba nyingi. Ila kwa kuwa linastahimili sumu iuayo mimea mingine, limejipatia shamba lisilo na mshindani.

Wazee wa zamani walivijua vilima hivyo na mawe yake ya kijani, yaani malakiti. Jiwe hilo ni shaba iliyoungana na hewa ya kaboni na maji. Ni ndugu wa kutu ya kijani ya sufuria kuukuu. Kiangazi, mtama ukiisha kuvunwa, Basanga na Bayeke walipanda kuchimba. Walijenga tanuru la udongo wa kichuguu, wakapanga makaa na mawe, wakavuta mivukuto. Sasa angalia kazi ya moto. Kwanza unafukuza maji na hewa iliyomo. Kisha hewa itokayo katika mkaa inalinyang'anya jiwe oksijeni yake, inabaki shaba tupu. Nayo haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,085 za Selsiasi. Moto wa kusongea bukari haufiki huko. Ndiyo sababu ya mivukuto!

Shaba iliyoyeyuka walipata kuimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mkristo asidanganyike: misalaba hii ni ya kale kuliko misioni yoyote ya huku. Wachimbuzi wa mwaka 1957 na 1958 waliikuta makaburini huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Ilikuwa mali na fedha; hata bendera ya Katanga ya mwaka 1960 iliichora mitatu. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, alipoandika habari za wafuaji hao mwaka 1926, aliwaita wala-shaba, kwa maana shaba ndiyo iliyowalisha.

Na ua letu? Hapo ndipo penye utamu. Tanuru zilipoachwa, vipande vya mawe na takataka za shaba vilibaki ardhini, vikauharibu udongo mbali na vilima. Ua likahamia huko. Miaka mingi baadaye wataalamu wa mambo ya kale waliyafuata maua, wakachimba, wakakuta mabaki ya tanuru ambayo hakuna tena aliyeyakumbuka.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tangu hapo mitambo imekata vilima vingi. Ua la shaba lenyewe si la kulilia sana, maana huota hata kwenye udongo uliovurugwa na wachimbaji. Lakini baadhi ya wenzake hawapatikani popote duniani ila juu ya vilima vichache vya shaba vya Katanga. Navyo vilima hivyo ndivyo vinavyotafutwa na mitambo.